Sema Unachokiona: Mbinu za Muuguzi kwa Mgonjwa Mahututi

Wewe ndiye unayekaa na mgonjwa. Daktari anapita asubuhi, pengine na jioni. Ndugu wanaingia saa ya kuona wagonjwa, wanatoka. Anayemgeuza, anayempima, anayemsikia akilalama saa nane za usiku ni wewe. Unajua mengi ambayo hayajaandikwa kwenye faili. Kazi ni kuyafikisha kwa anayepaswa kuyajua, mapema, kwa maneno yasiyoweza kueleweka vibaya.

Usitenganishe ICU na tiba shufaa kichwani mwako. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anaumwa na anaogopa. Mwenye saratani iliyosambaa naye anaweza kubadilika ghafla, ukamhitaji daktari ndani ya dakika chache. Zamu moja inaweza kukupa wote wawili, vitanda vikiwa vimepakana.

Mpigie daktari ukiwa na namba

Usipige simu kusema, "Daktari, mgonjwa amebadilika." Mtu aliyeamshwa usingizini hawezi kuamua lolote kwa sentensi hiyo. Pima kwanza: upumuaji, mapigo, presha, joto, oksijeni, fahamu, sukari. Kama mgonjwa anazidiwa mbele yako, mwenzako apige simu wakati wewe unapima.

Pumzi zihesabu kwa dakika nzima. Hiki ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote wodini. Utakuta karatasi ina 20, 20, 20 kwa kila mgonjwa, kana kwamba wote wanapumua kwa kengele. Na ndicho kinachoharibika mapema, mara nyingi kabla ya presha kushuka.

Ukishapata namba, fuata mpangilio wa SBAR. Chimbuko lake ni jeshi la majini la Marekani, na Kaiser Permanente ndio walioupeleka hospitalini. Una sehemu nne: hali ya sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. Kwenye simu ya usiku unasikika hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya wanawake. Nina mama (taja jina lake) wa miaka 58 anayezidiwa. Anapumua mara 32, oksijeni 86 bila mashine, mapigo 128, presha 84 kwa 50. Alilazwa jana kwa nimonia, anapata antibayotiki ya mshipani. Saa moja iliyopita alikuwa anaongea, sasa anafungua macho nikimwita tu. Naona maambukizi yamesambaa mwilini. Nimemwekea oksijeni. Naomba uje umwone sasa hivi."

Jina la mgonjwa litaje mapema, usimwite "kitanda namba sita". Vitanda hubadilishwa, na dawa ya mtu imewahi kwenda kwa jirani kwa sababu hiyo.

Sehemu mbili za mwisho za SBAR ndizo wengi huziacha. Tumezoea kuripoti na kungoja. Toa maoni yako hata kama huna uhakika wa jina la tatizo: "Sijui ni nini, lakini mgonjwa huyu hayuko kama alivyokuwa mchana" ni maoni halali kabisa. Kisha omba kitu chenye jina. Njoo. Niandikie dripu ya haraka. Niruhusu nimhamishie ICU.

Fahamu ziripoti kwa sehemu. Kipimo cha Glasgow kimetumika tangu 1974, kinaanzia 3 hadi 15, na watu wameshazoea kutaja jumla tu. Jumla huficha mambo. Sema macho 2, kauli 2, mwendo 5. Atakayempima baada yako ataona hasa kilichoshuka.

Ukipewa amri kwa simu, irudie yote kabla ya kukata: jina, dawa, kiasi, njia, mara ngapi. Dozi itaje tarakimu moja moja. Wodini tunachanganya Kiswahili na Kiingereza, na kwenye simu yenye mkwaruzo "fifteen" na "fifty" zinafanana mno. Sema "moja, tano". Andika hapohapo, na saa uliyopokea.

Asipofika, piga tena. Mweleze wazi na kwa heshima: "Daktari, bado nina wasiwasi naye. Usipofika ndani ya dakika kumi nitampigia bingwa wa zamu." Kisha fanya hivyo. Anayekuona mjeuri leo atakushukuru kesho, na hata asiposhukuru, mgonjwa atakuwa ameonwa.

Zungumza na asiyeweza kujibu

Mgonjwa mwenye bomba la hewa kooni hawezi kutoa sauti. Usikio wake unaweza kuwa mzima kabisa. Mchukulie hivyo daima, hata akiwa kwenye dawa za usingizi. Usiseme juu ya kitanda chake jambo ambalo usingelisema akiwa amekaa anakutazama.

Kila unapomgusa, mwambie kwanza. "Shikamoo mzee. Ni muuguzi wako wa usiku. Nakugeuza upande wa kulia sasa." Mwambie pia siku, saa na mahali alipo. ICU haina mchana wala usiku, taa zinawaka muda wote, na wagonjwa wengi huchanganyikiwa humo. "Leo ni Jumatano, ni asubuhi, uko hospitali, binti yako atakuja saa kumi" inasaidia kuliko unavyodhani.

Kubalianeni ishara. Kubana mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kama mikono haina nguvu, tumia macho: afumbe mara moja kwa ndiyo. Iandike ishara hiyo kwenye karatasi, ibandike ukutani juu ya kitanda, ili zamu ijayo isianze upya na kumchosha.

Uliza swali moja kwa wakati, la ndiyo au hapana. "Unaumwa?" Ngoja. "Ni kifuani?" Ngoja. Mpe muda wa kutosha kuvuta pumzi na kupanga jibu. Anayeweza kushika kalamu mpe ubao na karatasi. Na kabla ya kusema mgonjwa haelewi, uliza ndugu kama huvaa miwani au kifaa cha kusikia. Mara nyingi vimebaki nyumbani ndani ya mkoba.

Kama lugha yake ni ya nyumbani tu na Kiswahili hakipandi, tafuta mwenzako anayeijua. Usimtumie mtoto wake kutafsiri habari nzito. Binti wa miaka 14 hapaswi kuwa yeye anayemwambia mama yake kwamba saratani imerudi.

Maumivu: uliza, usikisie

Kwa anayeweza kujibu, tumia mkono. Ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu atakuonyesha vidole bila shida. Kisha uliza panauma wapi, yanachoma au yanakaba, yanaamsha usingizini au la. Andika jibu lake, siyo makisio yako.

Jihadhari na wanaojikaza. Wanaume wengi watakuambia "naendelea vizuri tu" huku jasho linawatoka. Kwa hao badilisha swali: "Jana usiku ulilala saa ngapi? Kitu gani huwezi kufanya kwa sababu ya maumivu?" Hapo ukweli hutoka.

Aliye kwenye mashine mtazame. Kipimo cha CPOT kina mambo manne: uso, mwendo wa mwili, ukakamavu wa misuli unapoukunja mkono wake, na anavyoafikiana na mashine. Kila kimoja 0 hadi 2, jumla 8. Ikifika 3, chukulia kuwa anaumwa na utafute dawa. Mpime akiwa ametulia, mpime tena unapomgeuza, kwa sababu kugeuzwa ndiko kunakouma.

Maumivu mengine hayaitikii sindano. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua St Christopher's mjini London mwaka 1967, alisisitiza kuwa maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya imani kwa pamoja. Kwa hiyo dozi ikipanda na vidole vikabaki vitano, vuta kiti uulize: "Mbali na mwili, nini kinakusumbua zaidi?" Jibu linaweza kuwa ada ya shule, ugomvi na kaka yake, au hofu ya kuzikwa mbali na kwao. Ukilijua, unajua umwite nani: ustawi wa jamii, sheikh, padri, mchungaji, au huyo kaka mwenyewe.

Mofini, na tatizo la saa

Watu wanaiogopa mofini kuliko ugonjwa wenyewe. Ndugu watakuambia ni dawa ya mwisho, ukipewa umeshahukumiwa. Usibishane. Waambie inavyofanya kazi: inapunguza maumivu ili ale, alale, azungumze nao. Siku mbili tatu za kwanza anaweza kusinzia sana au kuhisi kichefuchefu, na kwa wengi hupungua. Kufunga choo hakupungui. Mofini isipofuatana na dawa ya kulainisha choo, dai iandikwe.

Jua pia wakati wa kusita. Mgonjwa asiyeamka ukimwita, mboni zimekuwa kama ncha ya kalamu, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika: usimpe dozi, mpigie daktari sasa. Mwenye figo zilizochoka hukusanya dawa mwilini, hivyo ukiona mkojo umepungua sema kabla ya dozi inayofuata.

Sasa saa. Hapa ndipo wengi hukosea wakati wa kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, na kosa lenyewe ni letu sisi tunaosema Kiswahili. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne. Ukimwambia ndugu "mpe kila saa nne", anaweza kuelewa ampe saa nne asubuhi na saa nne usiku, basi. Mgonjwa anapata dozi mbili kwa siku, anaumwa mchana kutwa, na familia inasema dawa haifanyi kazi.

Kosa la pili: umeandika 10:00 kwenye karatasi. Wewe unamaanisha saa nne asubuhi. Ndugu anasoma saa kumi, anampa alasiri.

Dawa yake ni kuacha kutaja vipindi na kutaja saa zenyewe, kwa Kiswahili, pamoja na jambo la kila siku linalotokea muda huo. Saa 12 asubuhi, anapoamka. Saa 4 asubuhi, wakati wa chai. Saa 8 mchana, baada ya chakula. Saa 12 jioni, giza linapoingia. Saa 4 usiku, kabla ya kulala. Dozi hiyo ya usiku mara nyingi huandikwa mara mbili ya nyingine ili asiamshwe usiku wa manane. Kama imeandikwa hivyo, mweleze ndugu kwamba si makosa.

Weka alama kwenye bomba la sindano la kupimia dawa, kwa plasta au kalamu ya wino mzito, pale dawa inapopaswa kufika. "Kijiko kimoja" hakitoshi, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani. Uliza ni chupa ya nguvu gani, andika miligramu kwa mililita kwa herufi kubwa kabisa kwenye lebo. Chupa ikibadilika, alama nayo ibadilike.

Kisha mwambie ndugu akuonyeshe. "Hebu nipimie dozi ya usiku huu nikuone." Asikuambie ameelewa. Akuonyeshe. Akikosea, tatizo ni maelezo yako, yarudie kwa njia nyingine.

Usidharau nafasi yako katika dawa hii. Hospice Africa Uganda ilianza Kampala mwaka 1993 na mofini ya maji inayotengenezwa kwa unga, na kuanzia mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Hapo ulipo huenda huruhusiwi kuandika. Lakini unaruhusiwa kusema "dozi hii haitoshi, ameamka mara tatu", na sentensi hiyo ndiyo inayobadilisha maandishi ya daktari.

Familia: anza kwa kuuliza

Mazungumzo na familia yasingoje siku ya mwisho. Hospitali za saratani za ukanda huu, Taasisi ya Ocean Road jijini Dar es Salaam ikiwemo, hupokea wagonjwa wengi ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne. Muda ni mfupi tangu mwanzo. Na familia inayofichwa hali halisi huuza shamba kulipia kipimo ambacho hakitabadilisha kitu. Nasema hili kwa uchungu: ukimya wetu wodini unafilisi watu.

Tafuta mahali pa kukaa. Korido haifai, wala pembeni ya kitanda cha jirani. Stoo ya shuka yenye viti vitatu inatosha. Zima simu, au mwachie mwenzako. Daktari akiwepo, kubalianeni kabla ya kuingia nani atasema nini, msije mkapingana mbele ya watu.

Waombe wachague msemaji. Ukoo unaweza kuleta watu kumi na wawili, na kila mmoja akakuuliza peke yake akapata jibu tofauti kidogo. "Naomba mnichagulie mmoja nitakayekuwa nazungumza naye kila siku saa kumi." Usidhani ni mtoto mkubwa. Anaweza kuwa baba mdogo, shangazi, au mke ambaye hasemi neno mbele za watu lakini ndiye anayejua kila kitu. Na kama mgonjwa ana fahamu, muulize yeye kwanza anamtaka nani.

Sentensi ya kwanza iwe swali: "Mpaka sasa mmeelezwa nini kuhusu hali ya mama?" Majibu yatakushangaza. Mmoja anajua ni saratani, mwingine ameambiwa ni vidonda vya tumbo. Utajua pa kuanzia.

Kisha waandae. "Nina habari nzito ya kuwaeleza." Nyamaza kidogo. Halafu sema kwa sentensi fupi moja: "Nina wasiwasi kwamba safari hii mama anaweza asipone." Baada ya hapo funga mdomo. Hesabu moyoni hadi kumi. Utatamani kujaza ukimya kwa maelezo ya vipimo. Usijaze. Atakayelia na alie, atakayeuliza atauliza.

Kuna sentensi ya kuiondoa kabisa wodini: "Hakuna tunachoweza kufanya tena." Si kweli hata siku moja. Sema kinachokoma na kinachoendelea: "Dawa za saratani hazimsaidii tena, na zinamchosha. Maumivu tutaendelea kuyatibu. Kupumua kwake tutakurahisisha. Hatumwachi."

Wakikuuliza amebakiza muda gani, usitaje tarehe. Kubaliana na daktari, kisha utaje kwa mafungu: ni miezi, ni wiki, au ni siku. "Kwa tunavyomwona, ni siku. Aliye mbali na aanze safari leo." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wanayoihitaji. Mtoto aliyeko mkoani au ughaibuni anategemea wewe useme kwa wakati.

Wengi watakujibu, "Mungu ndiye anayejua." Kubali, kwa kuwa ndivyo wanavyoamini, na pengine nawe unaamini hivyo. Kisha endelea: "Ndiyo, na tunaomba pamoja nanyi. Ikiwa Mungu atapanga vingine, mngependa awe wapi? Nani awe karibu naye?" Swali hilo halivunji tumaini la mtu, na linafungua mlango wa kupanga kurudi nyumbani wakati barabara bado anaiweza.

Kabla hamjaachana, mwombe msemaji arudie alichosikia. Sema hivi: "Ukiwaandikia kwenye grupu la familia, utaandika nini?" Ndani ya dakika tano habari itakuwa WhatsApp, kutoka Mbeya hadi Muscat. Ni afadhali uisahihishe ikiwa bado mdomoni mwake.

"Naomba usimwambie baba"

Utaombwa hivi mara nyingi. Usikatae papo hapo, usikubali papo hapo. Uliza: "Mnaogopa nini kitatokea akijua?" Karibu kila mara jibu ni kwamba atakata tamaa. Wanampenda. Anza hapo.

Kisha waulize yeye mwenyewe amesema nini. Je, ameuliza kwa nini haponi? Ameanza kugawa vitu, kutaja nani amtunze mama yao? Mzee anayefanya hivyo anajua tayari, naye anawaficha wao. Kila upande unalia peke yake usiku.

Msimamo wa kuwapa ni huu: "Sitamwambia asichouliza. Akiniuliza, sitamdanganya. Ningependa mmoja wenu awepo." Familia nyingi hukubali, kwa sababu umewapa nafasi.

Naye mzee akikuuliza, "Mwanangu, nitapona?", usikimbilie jibu. Rudisha swali kwa upole: "Mzee wangu, mwenyewe unauonaje mwili wako?" Atakuonyesha anataka kujua kiasi gani. Wengine watasema yote. Wengine watabadilisha mazungumzo, na hiyo ni haki yao, mfuate. Habari ya ugonjwa mpya ni ya daktari kuitoa. Kazi yako ni kuwepo, kisha kurudi baada ya nusu saa kuuliza ameelewa nini, maana wengi hawasikii chochote baada ya neno la kwanza zito.

Siku za mwisho

Waambie familia mapema watakachokiona, kabla hakijawatisha. Atalala zaidi. Atakula kidogo, kisha hatakula. Mikono na miguu itapoa. Pumzi itakatika kwa muda, kisha itarudi. Pengine ataita watu waliokwisha kufa. Ukisha kusema, kila dalili inakuja kama jambo walilolijua.

Chakula ndicho kinacholeta ugomvi mkubwa. Bibi anakorogewa uji na kulishwa kwa nguvu, unamwingia mapafuni. Usiwakemee, maana kulisha ndiyo namna waliyonayo ya kupenda. Wape kazi nyingine. "Mwili wake sasa hauwezi kutumia chakula. Hafi kwa sababu hali, hali kwa sababu mwili unafunga kazi. Mnaweza kumlowanisha midomo kwa kitambaa laini." Mwoneshe binti yake namna. Akiwa hayuko kwenye oksijeni, apakwe mafuta kidogo midomoni.

Ule mkoromo wa kooni unawatesa wanaosikiliza kuliko mgonjwa. Mlaze ubavu, inua kichwa kidogo, mpe dawa ya kukausha majimaji kama ameandikiwa. Usimnyonye kwa mpira hadi kooni, utamuumiza bure. Waambie ndugu ni mate yaliyokusanyika, yeye mwenyewe hazami.

Pitia na daktari kila jambo unalomfanyia: anahitaji bado kupimwa presha kila saa? Kuchomwa kidole? Kisichompa nafuu kiombewe kusimamishwa, na amri iandikwe. Kumgeuza, usafi wa kinywa na dawa ya maumivu havisimami.

Uliza mambo ya imani mapema. Kwa Mkatoliki, padri wa mpako aitwe mgonjwa akiwa bado anaitikia. Kwa Mwislamu, ndugu watataka aelekezwe kibla na atamkishwe shahada. Vuta kitanda, wapishe. Kama ni ICU na saa ya kuona wagonjwa imepita, omba ruhusa kwa niaba yao. Usiwaache wao waombe.

Akifariki

Sema "amefariki". "Amepumzika" na "ametutoka" ni maneno ya upole ya msibani, lakini mbele ya mlango wa wodi mtu anaweza kuuliza, "Amepumzika, ataamka saa ngapi?" Imetokea. Taja jina: "Pole sana mama. Mume wako amefariki saa tisa na robo. Alikuwa ametulia." Hilo la kutulia sema kama ni kweli tu.

Kwa simu, jaribu kuwaita waje. Ikibidi useme, uliza kwanza: "Uko wapi? Uko na nani hapo?" Aliye kwenye bodaboda mwombe asimame pembeni kabla hujaendelea.

Kabla ya kuondoa mipira, uliza kama kifo kinahitaji uchunguzi wa polisi. Kikihitaji, acha kila kitu kilipo. Kisipohitaji, ondoa, safisha, fumba macho, funga taya, nyoosha viungo. Uliza kama ndugu wangependa kushiriki. Kwa Mwislamu wa kike, ahudumiwe na wanawake.

Andika kwenye faili familia ilielezwa nini, na nani, kwa maneno gani. Fanya hivi kwa kila mgonjwa mahututi, hata aliye hai. Ukikabidhi zamu, isiishie kwenye dripu na mkojo. "Mke anajua ni siku. Mtoto wa Arusha anafika kesho, bado hajui. Mzee ameuliza mara moja kama atapona, tukazungumza." Bila hayo, mwenzako ataingia asubuhi na kumwambia mtoto yule kwamba baba anaendelea vizuri.

Usitoke kwenye kitanda hicho moja kwa moja hadi kinachofuata. Nawa, kunywa maji, mwambie mwenzako wa zamu: "Huyu ameniumiza." Dakika mbili zinatosha, naye siku yake ikifika umsikilize hivyohivyo.

Siku ndugu atakapokuja kufuatilia kibali cha mazishi, mkumbushe kurudisha mofini iliyobaki nyumbani. Isikae kabatini watoto wakaifikia. Na ukimwona yule aliyemuuguza, muulize kama analala. Miezi yote hiyo aliamka kila usiku kumgeuza mtu, na kuna uwezekano hakuna aliyemuuliza.